Chura Aliyepanda Ndege Kabla ya Dada Yangu

Tangu nistaafu napelekwa Marekani kila Januari. Nasema napelekwa kwa sababu tiketi anakata binti yangu, naye huchagua Januari kwa kuwa nauli hushuka watu wa Krismasi wakishatawanyika. Hajali kwamba baba yake ni mzaliwa wa Kilombero, mahali ambapo ukijifunika blanketi mbili wanakuuliza kama umepima malaria. Hunipokea uwanjani akiwa na koti la mumewe mkononi, akanivisha mbele za watu kama mtoto wa chekechea, kisha tunatoka nje kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri.

Wanakaa Bronx, New York, katika jengo la zamani lenye pampu ya maji moto chini kabisa. Mimi nimefanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa maji miaka thelathini na moja, mingi yake Kidatu, na mtu wa mitambo akistaafu masikio hayastaafu. Usiku wa kwanza nilimwambia mkwe wangu kwamba beringi ya pampu ile inakwenda. Akanijibu kwa adabu zote, "Mzee, umekuja kupumzika." Siku ya tatu tulioga maji baridi. Sikusema kitu, ila nilikunywa chai yangu polepole kidogo.

Safari ya kwanza, mjukuu wangu wa miaka saba alinishika mkono akanipeleka Bronx Zoo, ile bustani kubwa ya wanyama. Theluji ilikuwa imejaa njiani, na wanyama wengi walikuwa wamejificha ndani, jambo ambalo nililiona la busara. Tukaingia kwenye jengo la wanyama watambaao, maana kuna joto. Humo ndani, nyuma ya kioo, kwenye majani mabichi yanayonyunyiziwa maji, nikawaona vyura wa rangi ya manjano kama dhahabu, mkubwa wao hafiki urefu wa kiungo cha juu cha kidole gumba. Kibao kilisema Tanzania. Kikasema Kihansi.

Mjukuu akanisomea kibao chote, akinitafsiria kana kwamba Kiingereza sikijui. Akafika kwenye habari za bwawa, akanyamaza. Kisha: "Babu, si wewe ulikuwa unatengeneza mabwawa? Wewe ndiye uliyewafukuza?"

Nikamwambia si mimi, ni wenzangu.

Jibu lilikuwa la kweli, na bado lilinikaa vibaya kooni. Mimi sikupangiwa Kihansi. Lakini ningepangiwa ningefanya vilevile, tena kwa furaha, kwa sababu Kihansi kwa jicho la mhandisi ni mahali palipoumbwa kwa ajili ya umeme. Mto unateremka kutoka milima ya Udzungwa kama mtu aliyekimbizwa. Bwawa lenyewe ni dogo, mita 25 tu kwenda juu. Maji yanachukuliwa pale ukingoni, yanashushwa ndani ya mwamba kiasi cha mita 850, yanazungusha mashine tatu za megawati 60 kila moja. Huhitaji ziwa kubwa kama la Mtera, bwawa linalotunza maji ya kuzungusha mitambo yetu ya Kidatu, huhitaji kuhamisha vijiji. Megawati 180 kutoka kwenye eneo dogo namna ile! Tuliozoea kuhesabu kina cha Mtera kila asubuhi kama mgonjwa anayehesabu vidonge tulikuwa tunaona wivu.

Kati ya mahali maji yanapochukuliwa na mahali yanaporudishwa mtoni kuna korongo, na ndani yake maporomoko. Kwenye michoro, kipande kile cha mto ni mstari mtupu. Hakuna mtambo pale, hakuna cha kupima. Ule mvuke wa matone uliokuwa ukipanda kutoka kwenye maporomoko tulikuwa tunauita hasara, yaani nguvu inayopotea hewani. Kumbe ndiyo iliyokuwa nyumba ya mtu. Chura huyu aliishi kwenye vipande vya majani vilivyoloweshwa na mvuke ule, hekta mbili hivi kwa jumla, na hapatikani porini mahali pengine popote duniani. Hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa watoto. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, na wakati huo ujenzi ulikuwa umeshaanza.

Mashine zilipowashwa, karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji ziliacha kupita korongoni. Mvuke ukatoweka, na mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani ili mbegu isipotee. Mwaka uliofuata mabomba ya kunyunyizia yakafungwa korongoni kuigiza maporomoko, na kwa muda yalionekana kufanya kazi. Vyura waliobaki wakaongezeka. Halafu mwaka 2003 wakaanza kufa kwa kasi, na ugonjwa wa kuvu ukagundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki ni wale wa kwenye vioo, Bronx na kwenye bustani nyingine ya mji wa Toledo, jimbo la Ohio. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Dar es Salaam, wakatunzwa Chuo Kikuu, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Dada yangu mkubwa anaishi Mlimba, si mbali na huko. Habari hizi zilipofika kijiweni kwao alinipigia simu kuuliza kama ni kweli vyura wamepanda ndege kwenda Ulaya na kurudi. Nikamwambia ni Marekani, na ni kweli. Akasema, "Mimi nina miaka sabini na mbili, hata Dodoma sijafika." Nilicheka. Nchi nzima ilicheka, tena ilikasirika, maana tulikuwa watu wa mgawo wa umeme, na mtu aliyelala gizani hataki kusikia habari za chura. Nakiri, mimi pia nilikuwa nacheka kantini pamoja na wenzangu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Safari hiyohiyo, jirani wa binti yangu, mzee aliyefanya kazi kwenye mifereji ya maji ya jiji, alinialika kwenye kikao cha wahandisi wastaafu. Asubuhi alinipitisha New Croton, bwawa la mawe lililomalizika mwaka 1906, barafu imening'inia kwenye ngazi zake kama meno ya mamba. Jioni tukaketi kwenye chumba cha maktaba, watu kumi na watano hivi, kahawa mbovu. Utaratibu wao ni mmoja: kila mtu anasimulia kitu kilichomharibikia kazini. Hakuna mgeni rasmi. Mzee mmoja alitumia dakika arobaini kueleza matangi ya maji machafu na karibu nusu ya chumba ikalala, kwa hiyo sisemi kwamba wenzetu wana akili kuliko sisi. Zamu yangu ilipofika nilitaka kuwaambia habari za Kidatu. Nikajikuta nawaambia habari za chura.

Waliuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa nyumbani. Ni kiasi gani cha maji kiliachwa kipite, nani alikikadiria, kwa kipimo gani, na kwa nini hesabu ile haikufanywa kabla. Nilijibu mengine, mengine nikashindwa. Nikiwa narudi kwenye gari ndipo nikagundua kwamba nimehudhuria mikutano ya wahandisi nchini kwangu zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kumsikia mtu amesimama kusema: hapa tulikosea, na hivi ndivyo kosa lilivyoingia kwenye hesabu.

Mikutano yetu naipenda, msinielewe vibaya. Napenda kukutana na watu tuliosoma pamoja, kila mwaka tumbo limesogea mbele na nywele zimerudi nyuma. Lakini ratiba ninaijua kwa moyo. Saa nzima ya kumsubiri mgeni rasmi, hotuba, picha ya pamoja kwa makundi, kabrasha, fulana ambayo daima ni saizi moja kubwa. Kisha mada: megawati ngapi, kilomita ngapi, asilimia ngapi zimekamilika. Vijana wanakaa nyuma wanaandika. Wanaandika nini, sijui, maana kinachoweza kuwasaidia hakijasemwa. Kinachowasaidia kimekaa meza ya wastaafu karibu na mlango wa jikoni, kinasubiri chakula.

Najua hoja ya upande wa pili kwa sababu nimeitumia mwenyewe. Ukisema kosa hadharani unamwaibisha mkubwa wako, pengine unajiitia tume. Kwa aliye kazini hofu hiyo ina haki. Kwa mstaafu je? Kiinua mgongo nimeshachukua na nyumba nimemaliza kupaua. Wa kunifukuza yuko wapi?

Na sisemi Kihansi isingejengwa. Umeme ule umewasha wodi za wazazi, nami sitamdanganya mjukuu kwa kumwambia chura alistahili kushinda. Ninachosema ni kwamba mhandisi kijana anayechora leo banio la mto mwingine anapaswa kusikia, kutoka kwa mtu mwenye mvi anayeujua mchoro, jinsi kipande kitupu cha mto kinavyoweza kuwa na mwenyewe.

Basi mwaka huu nimewaandikia kamati ya mkutano wetu. Nimeomba saa moja ya wastaafu, kila mmoja na kosa lake, na nimejitolea kuanza. Majibu yalikuja baada ya wiki sita, yenye heshima nyingi na "Mhandisi" kabla ya jina langu mara nne. Ratiba imejaa, lakini nitapewa dakika kumi siku ya pili jioni, kwenye mengineyo.

Nitakwenda. Mjukuu ameshanitumia picha ya chura aliyoichora mwenyewe, nami nimeipeleka ikakuzwe.