Nyoka Aliyekwama na Gamba Havutwi

Mtandaoni hazikosekani video za watu wanaomvua nyoka gamba kwa vidole. Mkono mmoja umemkamata shingoni, mwingine unabandua vipande, na chini yake watu wanamiminia sifa. Zinaniuma. Nimefuga chatu miaka mingi hapa Minnesota, Marekani, na nyoka wa watu wengine waliokwama na gamba nimewashika wengi. Msimamo wangu ni huu: gamba likigoma kutoka, mara nyingi kasoro iko kwenye hewa anayoishi ndani yake. Tengeneza hewa. Mikono ije mwisho kabisa, na aghalabu hutaihitaji.

Chatu ninayemsema ni yule mdogo wa Afrika, Python regius, ambaye akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Kwao ni nyika zinazoanzia Senegal hadi Uganda, na mchana hulala kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Juu ya ardhi jua linaunguza, lakini mle shimoni kuna unyevu. Anayemfuga asipoelewa habari ya shimo hilo, hata anunue taa ya bei gani, atahangaika tu.

Nyoka mwenye afya hulivua gamba zima kwa mkupuo mmoja, kuanzia puani hadi ncha ya mkia, likatoka limegeuka ndani nje kama soksi. Dalili huanza mapema. Rangi hufifia, tumbo huwa la waridi, kisha macho hutanda ukungu wa buluu. Wakati huo ngozi mpya imeshaumbika chini, na kati yake na ile kuukuu kuna majimaji yanayozitenganisha. Baada ya siku chache macho hung'aa tena na mfugaji mgeni hudhani mambo yamekwisha, kumbe gamba lenyewe bado siku kadhaa. Katika kipindi hicho haoni vizuri na huwa mwepesi kushtuka, kwa hiyo usimshikeshike, na akikataa panya usimlazimishe. Ila maji ya kunywa yasikosekane hata saa moja, kwa sababu nyoka mwenye kiu hujivua vibaya.

Sasa mlete mnyama huyo kwenye majira ya baridi ya huku. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, hita inanguruma usiku kucha, na unyevu wa sebuleni unaweza kushuka chini ya asilimia 20. Yeye anataka 50 hadi 60 siku zote, na karibu 70 anapokaribia kujivua. Juu ya hapo anawekwa kwenye tangi la kioo lenye mfuniko wa wavu na taa ya joto juu yake, na kila tone la unyevu linapotelea dari. Sisi wenyewe midomo hutupasuka, tukakimbilia mafuta ya mgando. Nyoka usimpake mafuta, hayo ya mgando wala ya nazi. Kinachotakiwa ni maji, basi.

Majuzi kijana mmoja wa Mombasa, anayesoma huku, alinipigia akiwa amepaniki. "Dada, gamba limetoka nusu, lingine limeng'ang'ania mgongoni. Nilivute?"

"Usiguse, mdogo wangu. Kwanza niambie, kipimo cha unyevu kinasoma ngapi?"

Kipimo hakuwa nacho. Duka lilimuuzia nyoka, tangi, taa, hata kibuyu cha plastiki cha kupambia, lakini kifaa cha kumwambia hewa ikoje halikumpa.

Nilichomwambia afanye ni kazi ya jioni moja. Bakuli la plastiki lenye mfuniko, toboa mlango unaomtosha nyoka na usugue kingo zisimkwaruze, ndani jaza mosi (moss, ile mimea laini inayoshika maji kama sifongo) au taulo za karatasi, vyote viloweshwe na kukamuliwa. Liweke upande wa joto. Nyoka mwenyewe ataingia, kwa kuwa ndilo shimo alilokuwa analitafuta. Nusu ya wavu wa juu ifunikwe, lakini hewa iendelee kupita. Matandiko ya karatasi kavu yabadilishwe, yawekwe makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo hushika maji bila kuoza haraka. Sisi watu wa pwani makumbi tumeyaona yakifukiwa na kusokotwa kamba tangu utotoni, na huku yanauzwa kwa vifurushi kama kitu cha anasa. Usilowanishe matandiko mpaka yatote, maana nyoka anayelalia tope hupata vidonda vya tumboni.

Wengi huishia hapo na asubuhi gamba liko chini. Likibaki, kuna maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30 hivi, yasiyozidi kimo cha mwili wake, dakika 20 au 30, na wewe uko hapohapo. Usimwache peke yake majini hata kidogo. Kisha chukua taulo lenye unyevu, mshike ndani yake kwa ulegevu, umwache apite mwenyewe. Yeye ndiye asogee, wewe utulize mkono. Nguvu ya kujivua anayo, na taulo linampa tu kitu cha kujisugulia. Kipande kinachotoka hivyo kilikuwa tayari, na kisichotoka kinahitaji unyevu zaidi, basi mrudishe bakulini ujaribu kesho.

Kuna sehemu mbili ambazo lazima uzitazame kwa macho yako kila mara. Ya kwanza ni ncha ya mkia. Gamba likibaki pale huwa pete nyembamba, kavu, na isipoonekana hujipandanisha juu yake pete nyingine gamba linalofuata likikwama. Zinakaza, damu haifiki, na ncha inaanza kuwa nyeusi. Nimemshika chatu ambaye ncha ya mkia wake ilikuwa imekauka hivyo, ngumu, imesinyaa, naye mwenyewe alikuwa mtulivu kabisa mkononi. Nyoka halii, wala hachechemei. Mkia ukishakufa haurudi, ndiyo maana nakereka mtu anaposema "ni gamba dogo tu, litatoka mbele ya safari."

Ya pili ni macho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja angavu, nacho hutoka pamoja na gamba. Kwa hiyo gamba likishatoka usilitupe. Lipeleke dirishani, likunjue sehemu ya kichwa polepole kwa vidole vyenye maji, utafute viduara viwili vilivyobinuka, laini, visivyo na tobo. Vikiwepo vyote viwili, mshukuru Mungu. Kikikosekana kimoja, mtazame nyoka mwenyewe, maana wakati mwingine kimechanika na kupotea tu. Ukiona jicho moja limefifia au lina mikunjo, kigamba cha zamani bado kimo. Hapo weka kibano mbali. Chini ya kigamba kile kuna kipya, na ukikosea ukavuta vyote viwili, jicho limekwenda. Ongeza unyevu, mwache. Mara nyingi hutoka na gamba linalofuata. Kisipotoka, au jicho likivimba, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Wapo, ingawa si kila kliniki inao, kwa hiyo mtafute kabla hujamhitaji.

Kwa daktari pia ndiko pa kwenda ikiwa hewa umeitengeneza na bado kila gamba linatoka vipandevipande. Huenda ana utitiri, vidudu vyeusi kama punje za pilipili manga iliyosagwa ambavyo utaviona pembeni ya macho au vimezama kwenye maji yake. Huenda ana maradhi ya ngozi, au kovu la kuungua. Hayo bakuli la mosi haliyatibu.

Kwa walioko nyumbani, niseme neno. Nyoka wa porini ni mnyamapori kisheria, na Kenya huwezi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Ukimwona shambani ana macho ya ukungu, gamba linaning'inia, mwache aende zake. Atapata jiwe na kichaka cha kujisugulia, na wewe utapona meno.

Ila hasira yangu iko kwa wauzaji wa huku. Kipima unyevu cha kidijitali ni rahisi kuliko taa wanayomlazimisha mteja aichukue, na ni rahisi mno kuliko kumwona daktari mara moja. Kila duka linalouza chatu lingeweza kukiweka ndani ya boksi leo hii na kumwonyesha mnunuzi namba anayotakiwa kuisoma. Mpaka wafanye hivyo, mnunuzi akidai kabla ya kulipa atakuwa na haki, na wakimwambia si muhimu, atafute duka jingine.