Mnyonge ni nani hasa?
Mwandishi wa makala niliyoisoma anadai dawa na usafi vimesimamisha mageuzi ya binadamu, yaani mabadiliko ya kurithi ya kizazi hadi kizazi, kwa sababu wanyonge hawafi tena. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti wa huku Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu, kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Akirithi kwa wote wawili, anaugua. Mwanangu karithi kwetu sote. Kila asubuhi anameza haidroksiyurea, dawa ya selimundu, usiku analala ndani ya chandarua, na kwa hesabu anawaacha wenzake mbali. Malaria ikiisha, kinasaba kile kitapoteza faida yake na kupungua kizazi hadi kizazi. Hayo nayo si mageuzi? Wazazi wenzangu, watoto wenu walianza dawa hii wakiwa na umri gani?