Mvinyo Unaonekana, Haunyweki

Siku ya harusi baba mkwe alinikabidhi vitu viwili: binti yake, na chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kule Ufaransa, ambao zabibu zake zilivunwa mwaka aliozaliwa huyo binti. Binti alinipa kwa moyo mkunjufu. Chupa aliitoa kama mtu anayemwazima jirani jembe, macho yakiifuata mpaka ilipotokomea kabatini.

"Mwanangu," akasema, "hiyo tutaifungua pamoja mkitimiza miaka kumi."

Miaka kumi ikatimia. Na mimi hapo katikati nilikuwa nimejinunulia dekanta ya kristali. Ni ile chupa ya kioo kizito yenye tumbo pana na shingo nyembamba, imechongwa pande zote hadi inarusha mwanga ukutani, na juu ina kifuniko cha kioo kikubwa kama ndimu. Ukiigonga kwa ukucha inalia ngiiii, unaona kabisa cheo chako kinapanda. Miezi minane ya kwanza niliijaza brandi nikaiweka sebuleni. Sitajitetea. Pombe kali haina haja ya kuhamishwa chupa: haina mashapo ya kuacha nyuma, na hewa haiiongezei kitu cha maana. Niliiweka pale ili mgeni akiingia ajue nyumba hii ina mwenyewe.

Mvinyo wa miaka 33 ni habari nyingine. Katika muda wote huo rangi yake na ile tanini inayokaza ulimi hushikana, zikawa nzito, zikatua chini kama tope. Kazi ya dekanta ni kuwaachanisha: mvinyo uende huku, tope libaki kule. Hilo nilikuwa nimelisoma vizuri, na niseme ukweli, nililitekeleza kwa ustadi ambao hakuna binadamu mwingine aliyeushuhudia. Chupa niliisimamisha wima siku mbili nzima ili mashapo yashuke. Kizibo cha gome kilikuwa kimelainika kama mkate uliolowa, nikakitoa punje kwa punje. Nikawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, nikamimina taratibu, pumzi nimeibana, mpaka nilipouona kwenye mwanga uzi mweusi wa mashapo ukisogea. Nikakata papo hapo. Kwenye chupa vikabaki vidole viwili vya mvinyo mchafu. Nikaiacha kando ya sinki, nikaisahau.

Sasa, haya yote yalitokea saa nane mchana. Wageni walikuwa waje saa moja usiku.

Mvinyo mchanga wenye ukali unaweza kuuacha wazi saa moja au mbili ukalainika. Mvinyo mzee hauna nguvu hizo. Unaumimina, unaunywa, basi. Mimi nilikuwa nimekariri ukurasa wa mvinyo mchanga. Kwa hiyo nikauacha upumue. Ukapumua mpaka saa kumi na moja, nami nikipita kila baada ya dakika chache kuukagua, kana kwamba kuna mtu angeuiba.

Saa kumi na moja nikaona tone limekaukia shingoni mwa dekanta. Haiwezekani baba mkwe akalione tone. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikaifuta shingo ndani na nje hadi ikang'aa. Kifuniko nacho nikakisuuza kwa maji baridi. Halafu shingo ikiwa bado moto, nikakisokomeza ndani na kukizungusha kidogo ili kikae sawasawa. Kilikaa. Kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa hujirudi, na hivi vifuniko vimesagwa vienee shingo yake yenyewe bila nafasi. Ilipopoa, shingo ile ilikishika kifuniko changu kama mtoto aliyeshika pipi.

Mezani tulikuwa watano: baba mkwe, mama mkwe, shemeji ambaye ni fundi wa kila kitu kisichokuwa chake, mke wangu na mimi. Nikaileta dekanta juu ya trei. Baba mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wakanyamaza wote. Nikashika kifuniko.

Hakikutoka.

Nikatabasamu, nikashika upya. Wapi. Ili kupoteza muda, nikaanza kuwaeleza habari za George Ravenscroft, Mwingereza aliyepata hataza, yaani haki ya ubunifu, ya kioo chake cha kristali mwaka 1674, huku mkono wa kulia ukizungusha na wa kushoto ukizuia. Hotuba hiyo niliiandaa iwe ya dakika mbili. Ilichukua kumi. Nilipofika mahali ambapo sikuwa na la kusema tena kuhusu Ravenscroft, jasho jembamba lilikuwa limeshateremka hadi kwenye kola.

"Kimekwama?" akauliza baba mkwe.

"Hapana, Baba. Kinajivuta tu."

"Lete hapa, shemeji," akasema fundi, na akaibana dekanta kwa mapaja kama anayekama ng'ombe. Akavuta mpaka mshipa wa paji la uso ukasimama. Akapumzika, akaigeuza kwenye taa, akasema kwa sauti ya mtaalamu: "Ila mnajua kwamba humu ndani kuna risasi?"

Mama mkwe alikuwa amesinzia kidogo wakati wa Ravenscroft. Akashtuka. "Risasi? Nani kapigwa risasi?"

"Hajapigwa mtu, Mama. Risasi ya madini. Iko ndani ya kioo. Ndiyo inayokipa uzito na kung'aa, na ule mlio." Na kwa kuwa shemeji akianza haishii njiani, akatupa darasa zima. Kwamba Ulaya, ili kioo kiitwe kristali ya risasi, lazima kiwe na oksidi ya risasi angalau asilimia 24. Kwamba mwaka 1991 watafiti walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya mvinyo wa port, ule mtamu wa Ureno, waliouweka kwenye dekanta za namna hii: ulianza na mikrogramu 89 za risasi kwa lita, na baada ya miezi minne ukawa na zaidi ya 2,000.

Nikakumbuka brandi yangu. Miezi minane. Nikakumbuka pia kwamba niliimaliza yote peke yangu, kwa sababu wageni walikuwa wa kutazama tu.

"Na ukikaa saa chache?" nikauliza, sauti ikinisaliti.

"Saa chache si neno. Ya kuogopa ni kuuhifadhi humo kwa miezi."

"Basi tukifungue kabla hiyo miezi haijafika," akasema baba mkwe.

Shemeji akaomba nyundo. Mke wangu akasema nyundo haitoki. Akaomba basi maji yanayochemka, akatajiwa bei ya dekanta, akakaa kimya. Dekanta ikazunguka meza nzima. Kila aliyeipokea aliitazama kwanza kwa dharau, kisha kwa hasira, kisha akampa jirani. Baba mkwe alijaribu mara moja tu. Baada ya hapo akaiweka mbele yake, akakunja mikono, akawa anautazama mvinyo wake kupitia kwenye kioo kama mtu aliyekwenda kumwona ndugu yake mahabusu. Mwekundu upo, unacheza kwenye mwanga, vidole vitatu kutoka alipo. Miaka 33 ameungoja, na mkwewe kaufungia.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Akainuka bila kusema kitu, akarudi na mafuta ya kula, kitambaa na mwiko. Akadondosha matone mawili pale kifuniko kinapokutana na shingo, akakaa dakika kumi akizungumza mambo mengine kabisa. Kisha akaizungushia shingo kitambaa cha maji ya uvuguvugu, shingo peke yake, kifuniko asikiguse. Ya uvuguvugu, akasisitiza, akimtazama mwanawe, kwa sababu ya moto yangepasua kioo. Akagonga kwa mwiko, upande huu, upande ule, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Mara pwa! Kifuniko kikaruka, kikatua mapajani mwa shemeji. Tukapiga makofi.

Nikamimina. Rangi ilikuwa imeelekea kwenye tofali. Baba mkwe akainua bilauri, akanusa. Akanusa tena. Akaonja, akafumba macho muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hapa palikuwa na mtu," akasema hatimaye. "Lakini ametoka."

Nilipoonja na mimi nikaelewa. Hapakuwa na ubaya wowote wa kuutaja, wala uzuri. Maji yenye kumbukumbu ya ubao uliolowa. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini hata ardhi ingeomba mafuta na mwiko kwanza.

"Ningejua tu ulikuwaje," baba mkwe akajisemea, akiweka bilauri chini.

Kimya kikapita. Mke wangu akaanza kupanga uma wake upya.

"Ulikuwa mtamu sana, Baba," akasema.

Tukamgeukia wote. Akatueleza huku akitazama meza: saa nane mchana aliingia jikoni, akaikuta chupa kando ya sinki, imebaki kidogo na matope yake. Akadhani ni ya kumwaga. Akaona dhambi. Akachuja kwa kitambaa safi kwenye chujio la chai, akapata nusu bilauri, akainywa akiwa amesimama, halafu akaisuuza chupa.

Nikamsubiri baba mkwe akasirike, angalau tuwe wawili tulioharibu. Yeye akainuka, akabeba kiti chake akazunguka meza, akakiweka karibu na binti yake, akaketi.

"Haya," akasema, "anza mwanzo. Uliponusa tu, kilichotangulia ni nini?"