Kibao Uyole, mwisho Mwanjelwa
Kibao cha kioo cha mbele cha daladala jijini Mbeya kinasema Mbalizi–Uyole, konda anaita Uyole, nauli anakusanya ya Uyole. Gari likifika Mwanjelwa: "Shukeni, tunageuza." Huku ni kukatisha ruti, na kunaumiza! Chanzo ni hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo dereva lazima ampelekee mwenye gari kila siku: dereva anajaza mafuta mwenyewe, kwa hiyo abiria wanne waliobaki hawamlipi, bora ageuze apate tripu nyingine. Na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA 2019, inataja ruti nzima. Mama mwenye gunia la viazi atafute bajaji? Nauli msitoe kabla ya kufika kituo cha Nanenane, mbele ya Mwanjelwa. Mkishushwa, lipeni ya kipande mlichopanda, mwandike namba ya gari.