Bei ya Parsons haiishii kwenye chaguo mbili

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kwamba Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani (NFL), walimpata mlinzi Micah Parsons kwa bei nafuu Agosti 2025, kwa kuwa Dallas Cowboys waliomwachia waliambulia chaguo mbili za raundi ya kwanza (haki za kuchagua mapema wachezaji wapya wanaotoka vyuoni) na mlinzi Kenny Clark pekee. Hesabu hiyo ni nusu tu, maana mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 188 nao unakula nafasi chini ya kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake kwa msimu, ilhali chipukizi anayetoka chuoni angelipwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Mwaka 2022 Denver Broncos walitoa chaguo mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na wachezaji watatu, miongoni mwa mengine, kwa Seattle Seahawks ili wampate mrushaji mpira (quarterback) Russell Wilson, kisha wakamwongezea mkataba wa dola milioni 245 kabla msimu haujaanza. Walipomwacha mwaka 2024, dola milioni 85 ziliendelea kuhesabiwa chini ya kikomo chao cha mishahara ingawa hakuwa tena mchezaji wao, huku Seahawks wakiwa wamejipatia wachezaji Charles Cross na Devon Witherspoon kwa chaguo hizo za raundi ya kwanza. Ni kweli Parsons alikuwa na umri wa miaka 26 alipohama, na Wilson 33. Hata hivyo, pengo la Clark katikati ya safu ya ulinzi, ambalo makala imelipita kimya, nalo linahitaji mtu, na mtu huyo atalipwa.