Mfuniko wa Ndoo Ulionipa Fimbo

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu kwenye bustani ya mtaa huku ughaibuni tunakoishi, watoto walikuwa wanatengeneza visahani vya kurusha. Nikakuta akina baba wazima wamepiga magoti kwenye nyasi, mkasi mkononi, gundi mpaka kwenye ndevu. Donge likanikaba kooni.

Maana mimi kisahani nimekirusha tangu utotoni. Chetu kilikuwa mfuniko wa ndoo, na malipo yake mnayajua: fimbo. Hakuna mkubwa aliyewahi kusimama akauliza kwa nini kinaelea.

Si kwamba wa huku wanajua zaidi yetu. Vyao vilikuwa sahani mojamoja ya karatasi iliyopakwa rangi, vikapinduka hewani na kuanguka kama majani makavu. Nikachukua sahani mbili, nikazigandisha mdomo kwa mdomo, nikakata duara katikati ikabaki pete, kisha nikazungusha selotepu ukingoni mara tatu. Uzito ukikaa ukingoni, mzunguko hauishi upesi, na kinachozunguka kwa kasi hakipinduki ovyo. Ni kama pia ya kuchezea: ikiwa na kasi husimama, ikichoka hulala. Mwanangu alikuwa anarusha kama anayetupa jiwe, kutoka begani. Nikamshika mkono. Kilaze, mwanangu, kisha kiachie kwa kufyatua kifundo cha mkono. Mara ya tano kikapita juu ya vichwa vyetu sote. Nilijivuna, sikatai. Ujuzi huo niliutoa uani kwetu.

Sasa najua mtakavyosema: huyu ameenda ulaya, amerudi kutusimanga. Baba anayetoka gizani na kurudi gizani atapata wapi saa ya kukata makaratasi? Hoja hiyo naiheshimu. Baba yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo, na simlaumu. Lakini siku ya mapumziko je? Tunakaa kubishana mpira mpaka usiku, na mtoto akija na kipande chake cha boksi anaambiwa, "Toa takataka zako hapa!"

Wala msiniambie ni umaskini. Boksi tupu ni bure. Kisahani chenyewe hakikuzaliwa kiwandani: mwaka 1937 Mmarekani Fred Morrison alikuwa anarushiana mfuniko wa kopo la bisi na mchumba wake. Miaka 20 baadaye, 1957, kampuni ya Wham-O ikachukua kisahani cha plastiki alichobuni, ikakiuza. Kwake mfuniko ulizaa kitu. Kwetu ulizaa kilio.

Halafu juzi ndugu yangu ananiandikia: "Kaka, ukija umletee mtoto kile cha dukani, cha kweli." Cha kweli! Na mwanawe nimemwona kwa macho yangu kwenye video, anarusha mfuniko ukutani peke yake, anaukimbilia mwenyewe, anarusha tena.

Nimemjibu kwamba sileti. Nikifika nataka sahani mbili, gundi, mkasi, na yeye mwenyewe akae chini pamoja nasi.