Mistari miwili kwenye kipimo, tumbo la mtoto na sinia moja

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, alinionyesha picha kwenye simu: kibao cha plastiki cha kupimia damu, dirishani mistari miwili. Mwanawe wa miaka saba alikuwa akilalamika kitovu kinamuuma, hasa asubuhi za shule. Duka la dawa wakamwambia, "Ana wadudu, H. pylori." Akarudi na mfuko wa amoksilini, metronidazoli na omeprazoli, dozi ya siku 14.

Wanaotaka kila mtoto anayeumwa tumbo apimwe wana hoja, wala si ya kubeza. H. pylori ni bakteria anayeishi tumboni, na ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Ugunduzi huo uliwapa Barry Marshall na Robin Warren tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walimweka kwenye kundi la visababishi vya saratani. Huingia utotoni na asipotibiwa aghalabu hukaa maisha. Basi si ang'olewe mapema?

Tatizo ni wingi wake. Katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu, zaidi ya nusu ya watoto huwa wameshampata kabla ya miaka 10, na wengi wao hawaumwi chochote. Chukua watoto 100 wa Ujiji, tuseme 60 wanaye (namba ni ya mfano). Kumi wanaumwa tumbo kwa sababu nyingine: minyoo, choo kigumu, hofu ya mwalimu wa hesabu. Wapime hao kumi. Kwa bahati tu, kama sita watakutwa naye, na wote sita watapewa vidonge. Wale 54 wanaocheza rede uwanjani nao wanaye, ila nani atampima mtoto anayecheza? Kipimo hakijadanganya kuhusu bakteria. Kuhusu maumivu, hakijasema kitu.

Tena kile cha damu husoma kinga ya mwili, si mdudu mwenyewe. Aliyekwisha kupona anaweza kuonyesha mistari ileile miezi mingi baadaye. Vya choo na vya pumzi vinaaminika zaidi.

Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini uliochapishwa 2017 haushauri kumpima mtoto ambaye maumivu yake hayaambatani na dalili za hatari. Utasema huo ni wa kwao, na ni kweli. Lakini kwao mdudu huyu ni adimu kuliko huku, kwa hiyo huku hoja hiyo ina uzito zaidi. Anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, au anayepungukiwa damu hata baada ya dawa za madini ya chuma, huyo ni wa hospitali, bila mjadala.

Jirani aliuliza kama na wanawe watatu wengine awapeleke kupimwa, maana wanakula sinia moja, ugali wa muhogo na dagaa. Swali zuri: bakteria huyu huambukizana sana ndani ya familia, na mara nyingi mtoto humpata kwa mama. Nikamuuliza, "Na wewe dada, ulipimwa?" Akacheka.

Siku ya tano mtoto aligoma vidonge. Metronidazoli ilimwachia ladha ya chuma mdomoni. Tumbo lenyewe lilikuwa limeacha kuuma tangu shule ifungwe.